Kutu Yenye Nasaba

Tangu Jaguar E-Type ilipodhihirishwa mjini Geneva mwaka 1961, ikawatia watu wazimu kwa boneti yake ndefu, halijapata kutoka Uingereza gari lililojaaliwa kuoza kwa heshima kubwa namna ile. Kwani kutu katika gari la karani ni aibu, bali katika E-Type ni tarehe, na dalali huitoza thamani yake.

Mtazame muuzaji. Atakufunulia boneti, akusifie kwa ufasaha silinda 6 zilizojipanga safu moja kama maamuma, akuhakikishie kuwa namba ya injini yaafikiana na iliyo katika hati. Nawe ukiinama na sumaku yako kuupapasa ubavu chini ya mlango, ambako maji hutuama kati ya mabati, atakukumbusha ghafla kwamba chai inapoa. Sumaku hushika chuma, puti haiishiki. Ikianguka, fahamu kuwa hapo unauziwa puti yenye rangi nzuri, na chuma chenyewe kilikwisha kurehemewa zamani.

Ama bei, hiyo haikadiriwi kwa hali ya gari hata kidogo. Huchukuliwa kwa jirani aliyetangaza lake mwaka jana, naye aliipokea kwa mwenziwe, wala katika silsila hiyo yote (tukufu kweli kweli!) hayupo hata mmoja aliyefaulu kuuza. Kwa hiyo, ewe mnunuzi, kabla hujatoa hundi, muulize bwana huyo kwa adabu: gari hili limekaa sokoni tangu lini?