Shati la Manjano

Joto la Dar es Salaam la mwezi wa Februari haliivumilii poliesta. Ndipo nikajipatia shati la kitani, nguo itokanayo na shina la mmea. Kitani hunywa jasho na kukauka upesi, hilo halina ubishi. Ila nyuzi zake hazinyumbuki, zikikunjika ndiyo zimekunjika. Ulivae umelipiga pasi mpaka linang'aa, ukishuka kwenye daladala watu watakupa pole ya safari ya Kigoma.

Rangi yake ilikuwa njano ya kuumiza macho. "Halina kemikali hata chembe, kaka," muuzaji aliapa. "Manjano tupu, haya haya ya mchuzi."

Kuhusu kuchuja, kimya.

Ijumaa ya kwanza nilibanwa kwenye daladala na mzee mmoja aliyevaa kanzu nyeupe, anawahi msikitini. Jasho likafanya kazi yake. Kufika Kariakoo, bega lake la kulia lilikuwa la njano, na shingo yangu pia. Alilitazama bega, akanitazama mimi, akauliza kwa upole uliozidi matusi: "Umesingwa, mwanangu? Harusi lini?" Konda akapiga kigelegele.

Shati likaenda kwa dobi. Jioni alinijia mbio, jasho linamtoka, kalifunga kwenye gazeti kama mzoga. "Bosi, mimi sijamchinja mtu!" Lilikuwa jekundu, wekundu wa damu iliyoanza kukauka.

Shangazi yangu, aliyezeeka na manjano jikoni, alicheka hadi akakaa chini. Alikata ndimu, akaikamua kifuani pa shati, na hapo hapo pakarudi njano. Kumbe kinachoyapa manjano rangi, kurkumini, kikikutana na sabuni ya mche au magadi hugeuka chekundu. Kikionja uchachu hurejea kilivyokuwa. Wanafunzi wa kemia hukitumia maabara kupimia magadi na uchachu. Mimi nilikuwa nakwenda nacho kazini.

Jua nalo halikubaki nyuma, maana manjano hayana ubavu mbele yake: mgongo umepauka, makwapa bado yanawaka.

Juzi, baada ya kulipeleka tena kufuliwa, nilikwenda kulichukua kwa dobi. Nikakuta watoto wa mtaa mzima wamemzunguka, sabuni mkono huu, ndimu mkono ule, shati langu limetandazwa mezani. Nikadai nguo yangu. Wakanizomea: nisubiri, ndimu haijakamuliwa.