Banio la Mfalme Simba

Simba alipotwaa mteremko wa mlima, mto ulikuwa mmoja na koo za wanyama zilikuwa nyingi. Kila ukoo ulitaka maji, basi Mfalme akamteua Nungunungu kuwa fundi mkuu wa mifereji yote. Nungunungu alikuwa fundi kweli: aliujua udongo unaovuja na udongo unaoshika. Lakini amri ilisema jiwe lisisogezwe kabla hajaliona, naye alikuwa mmoja. Nguruwe alisubiri mwezi mzima apate ruhusa ya kuziba ufa uliohitaji tope kidogo tu. Migomba ikanyauka, na Nungunungu akaitwa mzembe ilhali usingizi wenyewe alikuwa hapati.

Simba akakasirika. "Kila ukoo uchimbe upendavyo!"

Kwa misimu miwili mashamba yalistawi kuliko wakati wowote. Hilo lisemwe kwa haki, maana wapo wanaokisimulia kisa hiki kana kwamba uhuru ndio uliokuwa kosa. Fuko alichimba chini kwa chini, kazi aliyozaliwa nayo. Nyani aliunga mabomba ya mianzi. Kiboko alipita mara mbili, mfereji ukawa tayari. Tabu ilianzia mipakani. Mianzi ya Nyani haikuweza kumeza maji ya mfereji wa Kiboko, yakafurika hadi kwa Sungura. Fuko naye, badala ya kuomba maji, aliutoboa usiku ukuta wa bwawa la Nguruwe, akanywesha viazi vyake. Nguruwe hakujua. Siku alipolihamisha bwawa, jambo lililokuwa haki yake kabisa, viazi vya Fuko vikafa, na ukoo mzima wa Fuko ukaja kumlaumu yeye.

Wanaojenga programu katika kampuni kubwa wanalijua tundu hilo. Timu moja husoma moja kwa moja kanzidata ya timu nyingine kwa kuwa kuomba kunachelewesha, na baada ya miaka michache hakuna anayethubutu kubadili hata safu moja ya jedwali. Katika kisa hiki, Nguruwe ndiye ninayemwonea uchungu zaidi.

Simba akaunda Baraza la Wasanifu. Tai, Mwewe na Twiga wakapanda jabalini, wakachora ramani yenye mifereji iliyonyooka. Hakuna kati yao aliyekuwa amelowa miguu tangu masika. Palipochorwa lango palikuwa na mwamba. Wachimbaji wakaipokea ramani kwa heshima, wakaikunja, wakaendelea kuchimba.

Ndipo Kobe alipoanza kutembea. Alifuata maji kutoka banio hadi shamba la mwisho, akimuuliza kila mchimbaji: maji unayapokea kwa nani, na unamkabidhi nani? Mpakani mwa Fisi na Ngiri alikuta mifereji miwili sambamba, yote ikipeleka maji bonde lilelile. Koo hizo hazikuwa zimesemezana tangu ugomvi wa babu zao. Mwaka 1968, katika jarida la Datamation, Melvin Conway aliandika kwamba taasisi inayobuni mfumo hutoa mfumo wenye umbo la mawasiliano ya watu wake. Ramani ya Tai isingeweza kuiunganisha mifereji ile, kwa kuwa ukiwa jabalini ugomvi huuoni.

Kobe akarudi kwa Simba. "Mfalme, shambani kwake kila mmoja achimbe ajuavyo. Sisi tushike mambo ya malangoni tu. Maji yapite langoni, asitoboe mtu ukuta wa mwenzake. Upana wa lango waamue wanaopakana. Anayetaka kulihamisha atangaze, na la zamani aliache wazi hadi jirani wa mwisho ahamie jipya. Fisi na Ngiri wawe kundi moja, wachimbe mfereji mmoja."

"Nawe utakaa jabalini?"

"Hapana, Mfalme. Nipe Nungunungu. Udongo anaujua. Tutatembea wote, aulizwe, asisubiriwe."

Kila lango likasimamishiwa nguzo, ili wanaoamua wachonge hali ilikuwaje, wameamua nini, na uamuzi huo utawagharimu nini. Mwaka 2011 Michael Nygard aliwashauri wahandisi wa programu kuweka kumbukumbu fupi za namna hiyo. Sijaona desturi ya gharama ndogo kiasi hicho inayowafaa zaidi wageni kazini, kwani waliochimba huhama na mfereji hubaki.

Masika yaliyofuata Fisi alimjia Kobe amefura. "Mzee Kobe, lango letu ni jembamba! Toa amri lipanuliwe."

Kobe akaisoma nguzo. "Mlilibana kwa sababu ukingo wa chini ulikuwa wa kichanga. Bado ni wa kichanga?"

"Ngiri ameujengea mawe."

"Basi mwite Ngiri, mchonge sababu mpya, mlipanue."

"Huji kukagua kwanza?"

"Nitakuja mkishafungulia maji."