Namna ya Kuizimisha Kompyuta kwa Kuzaa Hovyo

Kama una kompyuta ya Linux kibandani kwako Tarime mjini na utulivu wake umekuchosha, usiipige teke. Iamuru izae. Amri yenyewe ni fork, imekuwapo tangu Unix changa: mchakato unajinakili, mzazi anapewa namba ya mtoto, mtoto anaambulia sifuri.

Urithi lakini ni mnono. Tarime ilipozaa Wilaya ya Rorya mwaka 2007, angalau mipaka ilichorwa. Huku mtoto anabeba faili zote zilizo wazi, pamoja na nywila zilizokuwa kwenye memori. Kwa hiyo usifunge chochote.

Memori isikutishe. Mzazi na mtoto hutumia kurasa zilezile mpaka mmoja wao aandike, ndipo ukurasa huo tu unanakiliwa. Wabishi waonyeshe simu zao. Mtu wa Mugumu akigusa WhatsApp kwenye Android, mchakato uitwao Zygote, uliopakia maktaba zinazotumiwa na programu nyingi tangu simu ilipowashwa, unazaa mtoto, na mtoto huyo ndiye WhatsApp. Hata simu ya bei chee inamudu. Hapa nakiri fork haina mpinzani, ingawa programu zote hurithi mpangilio uleule wa memori, na mdukuzi akiunusa kwenye moja amezijua nyingi.

Kunogesha mambo, zaa katikati ya programu yenye nyuzi nyingi. Mtoto hupata uzi mmoja tu, ule ulioita fork. Kama uzi mwingine ulikuwa umeshika kufuli, mtoto analikuta limefungwa na aliyelifunga hakuzaliwa naye. Atasubiri mpaka umeme ukatike.

Watoto wakifa, usiwazike. Mzazi asipoita wait, wanabaki misukule: hawafanyi kazi, ila kila mmoja kakalia namba yake.

Mwaka 2019 watafiti, wakiwamo wa Microsoft, waliandika kwamba fork imepitwa na wakati. Anayetaka kuanzisha programu nyingine tu atumie posix_spawn. Wana hoja, ndiyo maana usiwasome.

Sasa agiza kila mtoto azae, na wajukuu wazae. Muda si mrefu utashindwa hata kuwaua, maana amri ya kuua kama killall nayo inahitaji mchakato mpya, na nafasi imekwisha. Akitokea fundi anayetaka kuweka kikomo kwa ulimit -u, mnyime nywila.