Tuandike Mbwa Tu

"Nani kaumwa na paka?" nesi aliita mlangoni kwa sauti ya dalali wa samaki pale Feri, na benchi zima likageuka kumtafuta mwenye balaa hilo. Nikanyoosha mkono, ule ule wenye kitambaa. Mzee mmoja akanikagua kuanzia kandambili hadi kichwani, kisha akamwuliza aliyekaa naye, bila hata kunong'ona: "Pandikizi la mtu lote hili, paka?"

Ndani ilikuwa afadhali ya benchini. Chanjo ni ya kichaa cha mbwa, na daftari nalo lina mbwa kuanzia juu hadi chini. Nesi akashika kalamu, akaniangalia kwa huruma. "Tuandike mbwa tu, kaka yangu. Angalau upate heshima."

Paka mwenyewe si wangu. Aliingia uani jioni, mbavu nje, akajilaza chini ya karo la kufulia. Nikamtupia mabaki ya dagaa, basi. Kulipokucha nikamkuta kichwa kimezama ndani ya kopo la maziwa ya unga, anazunguka ua kinyumenyume, anagonga ndoo, anagonga ukuta, anaigonga ndoo tena. Mama wa nyumba ya pili alishaegemea ukuta wake, anatoa maelekezo: "Mshike shingo! Aa, siyo hapo, shingo!" Nikamshika. Nikavuta. Kopo likachomoka, na kitu cha kwanza alichokiona paka baada ya giza lote lile kikawa kidole gumba changu.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo nilipoanza kumheshimu. Jino la paka ni jembamba, lina ncha kali. Likizama halichani nyama. Linaacha tundu dogo ambalo ngozi hulifunga upesi, na bakteria wanabaki ndani wanakula sikukuu. Mmojawapo huitwa Pasteurella, kwa heshima ya Louis Pasteur wa Ufaransa. Na huyo huyo Pasteur ndiye ambaye mwaka 1885 alimchanja Joseph Meister, mtoto wa miaka 9 aliyeng'atwa na mbwa. Kwa hiyo bwana yule anadai sehemu mbili katika kidole changu: mdudu na dawa.

Chanjo nyingi mtu huchanjwa kabla ya shari. Hii huchanjwa baada ya kung'atwa, na bado inawahi, kwa sababu kirusi cha kichaa hakina haraka. Hupanda polepole ndani ya neva kuelekea kwenye ubongo, mara nyingi kwa wiki kadhaa, hata miezi, na chanjo inauzindua mwili ukizuie njiani. Kikishafika na dalili zikatokea, karibu kila mgonjwa hufa. Ndiyo maana kidonda huoshwa kwanza kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 nzima. Kwetu siku hiyo bomba lilikuwa limekauka, nikaoshea madumu ya maji ya kununua huku mama yule akinihesabia dakika.

Chanjo yenyewe hapo zahanati haikuwepo. Niliandikiwa nikanunue dukani, kwa hela iliyokuwa ya kodi ya nyumba, nikarudi nayo kwenye barafu ndani ya mfuko wa rambo kama muuza aiskrimu. Mbwa wenye wenyewe hupelekwa kuchanjwa siku ikitangazwa. Paka wa mtaani hana mwenyewe, hivyo hachanjwi na mtu. Lakini akiuma, akiiba, akizaa, mwenyewe anajulikana siku hiyo hiyo: ni yule aliyempa dagaa. Hili halinichekeshi. Mtaa mzima ulimpita na mbavu zake, na leo mtaa mzima unanidai.

Nimelipa samaki wa mtu, changu mzima. Nimelipa vifaranga ambao naamini waliliwa na mwewe. Paka mwenyewe amezalia ndani ya begi langu la safari, na safari imeahirishwa.

Mama wa nyumba ya pili ameshanipa jina, na watoto wamelipokea. Jana mwenye nyumba alikuja kuulizia kodi yake, akabisha hodi getini: "Baba Paka yupo?"