Tumwombee

Kuna mpendwa mmoja pale masijala aliyetangaza kufunga umbea Kwaresima hii, siku zote 40. Juu ya kompyuta kabandika Waraka wa Yakobo sura ya 3, ile inayoufananisha ulimi na moto. Na kweli, hasengenyi tena. Sasa anaomba. Saa nne ya chai anakusogelea, andazi mkononi, sauti kaishusha: "Mpendwa, tumkumbuke kaka yetu wa uhasibu kwenye maombi. Ndoa. Halafu na lile deni la saccos." Kufika saa saba jengo zima linamwombea kaka wa watu, mlinzi wa getini akiwemo. Asiyejua ni mwenyewe tu. Mpendwa, Mungu husikia hata sala ya kimoyomoyo. Si lazima ipitie masijala.