Nyumba Ipo, Uliza Chini Yake

Komisioneri wa Kolwezi hatembei na funguo. Anatembea na simu tatu, na zote zikiita kwa pamoja anapokea ile ya mtu mwenye pesa kuliko wewe. Kwingine mtu huyu anaitwa dalali. Huku kwetu kazi yake ni kukupeleka kwenye nyumba ambayo yeye mwenyewe hajawahi kuingia, kumwita mwenye nyumba "papa" kana kwamba amezaliwa hapo, kisha kudai kodi ya mwezi mzima kwa utambulisho huo. Kabla ya hapo kuna pesa ya kutembelea. Unalipa ili uione nyumba. Ukiikuta mbovu hurudishiwi kitu. Ulitaka kuiona, umeiona.

Nilimweleza wa kwanza mahitaji yangu, na naamini si ya kifalme: vyumba viwili, mlango unaofungika, maji yasiyo mbali, na mahali ambapo naweza kufika kwenye basi la kazini saa kumi na moja alfajiri bila kukutana na vijana wanaotaka kujua simu yangu ni ya aina gani. Nimepata kazi ya kutunza ghala katika kampuni ndogo, inayofanya kazi kwa niaba ya kampuni ya kati, inayofanya kazi kwa niaba ya kampuni kubwa. Mshahara unapita mikononi mwa wote hao, unasalimiana nao, ndipo unanifikia mimi na mwanangu ukiwa umechoka. Komisioneri alisikiliza yote, akatikisa kichwa, akauliza:

"Mama, unatafuta ya juu tu?"

Nikamwambia sina uwezo wa ghorofa. Akacheka mpaka akapangusa macho. Kumbe alikuwa ananiuliza kama nitaridhika na nyumba bila kilicho chini yake.

Ni swali la haki kabisa hapa. Mji huu ulijengwa na kampuni ya madini ya Union Minière mwaka 1937 kwa sababu ya kilicho chini, na tangu mwaka 2015 umekuwa makao makuu ya mkoa wa Lualaba kwa sababu hiyohiyo. Sisi wa juu tumekuja baadaye, na hatujawahi kupewa kipaumbele. Mwaka 2014 mkazi mmoja wa mtaa wa Kasulo alichimba shimo kwenye parseli yake, yaani kiwanja chake, akakutana na heterojeniti, lile jiwe jeusi lenye kobalti. Habari haikulala njiani. Ghafla majirani wote waligundua kwamba nao wanahitaji choo kipya, kisima kipya na shimo jipya la takataka, tena vyote vyenye kina cha kutisha. Watu walichimba uani, wakachimba sebuleni, wakachimba jikoni, na mashimo yakajuana huko chini kabla wenyewe hawajajuana huku juu. Mwaka 2017 sehemu ya mtaa ilizungushiwa ukuta, wakazi wakalipwa waondoke, uchimbaji ukawa na mlango na mlinzi. Lakini somo lilikuwa limeshaingia vichwani mwa wenye nyumba wote wa Kolwezi: huwezi kujua.

Sheria, kwa kweli, inajua. Tangu ile sheria ya Bakajika ya mwaka 1966, ardhi na utajiri ulio chini yake ni mali ya serikali. Tatizo ni kwamba serikali hailali nyumbani kwako usiku.

Basi nyumba ya kwanza ilikuwa safi, na bei yake ilikuwa nzuri kiasi cha kunitia wasiwasi. Mwenye nyumba alinionyesha vyumba viwili, kisha akaupita mlango wa tatu bila kuugusa. "Hapa ni depo yetu." Nje ya mlango wa depo kulikuwa na rundo la viatu vya mvua vilivyojaa matope, na ilikuwa mwezi wa saba, mvua haijaonekana tangu Aprili. Nikauliza ni vya nani. "Vya watoto." Watoto wenyewe walitoka tulipokuwa tukiongea, wana ndevu, na tochi kwenye vipaji vya nyuso. Waliniamkia kwa adabu. Chumba cha kulala kilikuwa na kiraka cha simenti mpya, cha duara, palepale ambapo kitanda kingekaa. Nikakigonga kwa kisigino, kikajibu.

"Usiku kuna makelele?" nikauliza.

"Kidogo. Lakini ni ya chini, haikuhusu."

Komisioneri wa pili alinisikia nikisema nataka karibu na kazi, akalichukua neno langu lilivyo. Alinipeleka kwenye nyumba ambayo uzio wa mgodi unaonekana dirishani. Ukuta ulikuwa na ufa kuanzia sakafuni, umefunikwa kwa kalenda ya mwaka 2019. Ufa ulipoizidi kalenda, wakaongeza kalenda ya kanisa. Tukiwa tumekaa king'ora kikalia, kisha baruti ikapigwa huko shimoni, na vikombe vikahama kidogo mezani. Mwenye nyumba hakukatiza hata sentensi. Alisogeza tu mkono na kukipokea kikombe chake mahali kilipofika.

"Papa, mbona hamzibi ufa?"

"Nikiziba, watakaokuja kuhesabu hasara watahesabu nini?"

Ndipo nikaelewa. Mzee alikuwa anangoja kuhamishwa. Si jambo la kuchekea: mwaka 2023 Amnesty International pamoja na IBGDH, shirika la haki za binadamu la hapahapa Kolwezi, walitoa ripoti nzima kuhusu watu wanaoondolewa makwao migodi inapopanuka, wa mtaa wa Cité Gécamines wakiwemo, na waliyoyasimulia humo hayafurahishi. Lakini mzee huyu alikuwa na matumaini yake binafsi. Alikuwa ameshapanda miembe ili ihesabiwe. Alitaka mpangaji kwa sababu nyumba yenye watu inaonekana na thamani, na mwenye mtoto ni bora zaidi. Nikamuuliza siku hiyo ikifika, mimi nitalipwa nini. Alifikiri kwa uadilifu kabisa.

"Wewe utapewa taarifa."

Jioni nilimsimulia muyomba wangu, kaka wa mama, ambaye ametuhifadhi sebuleni kwake. Muyomba alifanya kazi Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, ni mmoja wa wale zaidi ya elfu kumi walioondoka katika mpango wa mwaka 2003, uliogharimiwa na Benki ya Dunia. Kwa muyomba, habari ya mtu mwenye kazi kutafuta nyumba ni kichekesho. Zamani, anasema, ulipewa namba ya kazi na namba ya nyumba siku moja. Unga wa kampuni, shule ya kampuni, hospitali ya kampuni, hata mpira ulichezea timu ya kampuni. Anaihadithia kila tunapokula bukari, ugali wetu, na mimi simkatizi, maana bukari ni yake. Simuulizi ilikuwaje kwa yule aliyefukuzwa kazi, ambaye alifukuzwa pia jikoni na kitandani kwa barua moja. Muyomba hajawahi kuniambia niondoke. Anasema tu kwamba televisheni ingekaa vizuri sana pale lilipo godoro letu.

Na kwa asili sisi tulipaswa kuwa na kipaji cha kuhama. Mimi ni mtu wa Kapanga, nimezaliwa Musumba, kwa Mwant Yav, mfalme wa Walunda. Zamani kila Mwant Yav mpya alijenga musumba yake upya: baraza, wakubwa wa ukoo, walinzi, wake, mafundi, jiji zima la Walunda linanyanyuka na kwenda kukaa uwanja mwingine, limepangwa kwa umbo la kobe, kila mkubwa akijua kama yeye ni wa kichwani au wa mkiani. Bibi yangu alizijua simulizi nyingi za safari hizo. Hakuna hata moja iliyotaja garanti.

Garanti, ile pesa ya dhamana, ndiyo iliyonitoa jasho. Kipo kifungu, katika sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 kuhusu upangishaji, kinachosema garanti ya nyumba ya kuishi isizidi kodi ya miezi mitatu. Nilikihifadhi kwenye simu. Nikamsomea mwenye nyumba mmoja aliyetaka miezi sita. Alinisikiliza hadi mwisho kwa heshima, kama mtu aliyealikwa kwenye ibada ya dini nyingine.

"Sheria nzuri," akasema. "Ni ya kule Kinshasa?"

Huyo huyo alinieleza kwamba kusema kweli hanihitaji, kwa kuwa kuna kampuni ya wageni inataka parseli yote na italipa mwaka mzima kwa mara moja. Kila mwenye nyumba wa Kolwezi ana kampuni ya wageni inayotaka parseli yote. Nimeisikia mara nyingi hata nimeanza kuionea huruma kampuni hiyo, maana kwa jinsi inavyotafuta, bado tu haijapata. Kisha akataka kujua bwana yuko wapi. Nikamwambia hayupo. Akasema mwanamke peke yake huleta wageni wengi. Nikamwambia kwa hali ya paa lake mgeni nitakayemwita kwanza ni fundi.

Bei nayo ina tabia. Kobalti ikipanda sokoni, kodi inapanda, kwa sababu mji una pesa. Februari 2025 serikali ilipofunga usafirishaji wa kobalti nje kwa sababu bei ilikuwa imeanguka, nikategemea kodi nazo zitashuka hata ngazi moja. Zikapanda. Mwenye nyumba mmoja alinifafanulia bila haya: mwanawe hauzi tena mawe, kwa hiyo nyumba sasa inalisha familia peke yake. Oktoba ukaja utaratibu wa mgao kwa makampuni. Nilimuuliza kama na kodi itawekewa mgao. Akaniambia mimi ni mtu wa kupenda maneno.

Halafu kulipa kwenyewe. Kodi ni ya dola, mshahara wangu ni wa faranga, na dola lazima iwe dola ambayo haijateseka. Ikiwa na mpasuko wa unywele, inakataliwa. Ikiwa na muhuri wa wino, inakataliwa. Ya dola moja moja haitazamwi. Mwenye nyumba anayeishi chini ya dari lililoinama anainua noti yangu kwenye mwanga, anaipapasa pembe zote nne, anaigeuza, anamwita mkewe aje aone. Laiti ningeruhusiwa kuikagua nyumba yake hivyo.

Umeme nauruka, maana nikianza sitamaliza. Naomba tu ijulikane kwamba mabwawa ya Nzilo na Nseke yako jirani nasi, juu ya mto Lualaba, na waya kubwa zinatupita vichwani kuelekea migodini. Nyumba moja komisioneri aliisifu kwamba umeme uko, akanyoosha kidole juu. Kweli ulikuwepo. Ulikuwa unapita.

Baada ya hapo nikabadili mbinu. Niliacha kuulizia karibu na kazi, kwa sababu karibu na kazi maana yake ni vumbi, baruti na mzee wa miembe. Nikaanza kufuata basi. Mabasi ya wafanyakazi yana njia zake alfajiri, na nyumba nzuri ni ile ambayo basi linapita kona yake wakati wauza mikate wameshafungua na kuna macho ya watu barabarani. Nikawauliza madereva, si makomisioneri. Madereva wanajua mtaa gani wafanyakazi hukimbia kupanda na mtaa gani hupanda wakiwa wamelala. Huko wanakopanda wakiwa wamelala ndiko kwenye usalama.

Hivyo ndivyo nilivyoipata, upande wa Manika: matofali ya zamani, madirisha yenye nondo, bomba la kisima katika parseli ya jirani, mwalimu mmoja upande wa kushoto na mama muuza sombe upande wa kulia, ambaye hakuna kinachompita. Komisioneri alitokea tu. Sijui alisikiaje, nilimkuta amekaa mlangoni anasubiri kunitambulisha. Nilipiga kisigino vyumba vyote, nikahamisha hata pipa la maji. Sakafu ilinyamaza.

Mwenye nyumba, mzee mstaafu mwenye mwandiko mzuri, alikuwa ameandaa mkataba kwenye karatasi za daftari. Garanti miezi sita. Nikataja mitatu, nikataja sheria, akaniambia anaiheshimu, miezi sita. Kuku wasiingie ndani. Makaa yasiwashwe chumbani. Halafu kifungu cha saba: mpangaji akikuta jiwe jeusi au la kijani wakati wa kufagia, kupanda mchicha au shughuli nyingine yoyote, amjulishe mwenye nyumba kabla ya kumjulisha mtu mwingine, hata mume.

"Papa, sina mume."

"Hata atakayekuja."

Nikamwambia atakayelima mchicha ni mimi, na mgongo utakaouma ni wangu, kwa hiyo jiwe likipatikana tugawane nusu kwa nusu. Akasema hapana, parseli ni yake. Nikamkumbusha kwamba kwa mujibu wa sheria kilicho chini si chake wala changu. Hapo akakunja uso. Sheria ya garanti alikuwa ameivumilia, hii ilimgusa. Tulibishana muda mrefu, kwa ukali wa kweli, mkewe akaleta chai, mama muuza sombe akasogeza kigoda chake karibu na uzio. Garanti haikushuka hata mwezi mmoja. Lakini kwenye lile shimo lisilokuwepo nilimtoa kwenye sifuri hadi asilimia kumi, akaandika kwa mkono wake, akatia sahihi, nami nikatia yangu.

Komisioneri, aliyekuwa kimya muda wote huo kwenye kizingiti, aliweka simu zake chini.

"Na mi, Mama? Ku ile kumi, komisyo yangu njo ngapi?"