Pacha wa Kushoto

Sakania, pale malori ya shaba yanapolala foleni yakingoja kuvuka kwenda Ndola, Tembo alishikwa na presha ya macho. Ya mbele aliyaona vizuri, ya pembeni yakawa yanamponyoka, naye akalaumu barabara kwamba inazidi kuwa nyembamba.

Mchwa wa ng'ambo walijua kupika timololi, matone yanayopunguza maji yanayotengenezwa ndani ya jicho. Kasoro moja: kila wakiipakua, chunguni walitoka pacha nusu kwa nusu, wanaofanana kama viganja viwili. Jicho humtii yule wa kushoto. Wa kulia hubisha hodi kwa unyonge.

Mbayuwayu, aliyewasili na mvua kutoka Ulaya, akawacheka. Mwaka 1848 Louis Pasteur alitenganisha chembe za pacha wa namna hiyo kwa koleo, moja moja. Na mwaka 2001 Knowles, Noyori na Sharpless walipewa Nobeli kwa vichocheo vinavyozaa pacha mmoja tangu mwanzo. Mchwa wakaona haya. Wakaanza upya na kipande cha sukari ambacho maumbile yalikwisha kukichagulia mkono, wakapata wa kushoto mtupu.

Mpakani, Nyani wa duane akaweka dawa mpya na pacha wake mezani.

"Mukubwa, hizi ni mbili," Mchwa wakasema.

"Uzito ni uleule, rangi ileile, joto la kuyeyukia lilelile. Munanidanganya."

Wakapitisha kwenye chupa moja mwanga uliochujwa utetemeke upande mmoja tu, mtetemo ukazungukia kushoto. Kwenye ya pili, ukazungukia kulia. Nyani akatazama kwa makini, kisha akasema fomu yake haina mstari wa mwanga. Mzigo ukabaki ghalani.

Wazee nao wakakaa kikao. Kobe aliposikia neno kushoto akaruka (kwa kadiri kobe anavyoruka).

"Tangu lini mkubwa akapewa kitu kwa mkono wa kushoto?"

Ikaamuliwa Mchwa wageuze mapishi. Tembo akatiwa matone ya kulia misimu miwili, hadharani, kwa heshima zote, hadi akabakiwa na kijitundu cha kuonea.

"Kilichopotea hakirudi, baba," Mchwa wakamwambia. "Ile ya ghalani italinda kilichobaki."

Tembo akaenda mwenyewe, akang'oa mlango, akachukua chupa kwa mkonga, ambao ni mmoja tu. Kobe akatafuta kifungu cha kumkataza, akakosa. Nyani akamkimbilia na risiti: ushuru wa pacha wote wawili, pamoja na mlango.